Kabla ya Tingatinga Kuingia Shambani: Ni Lini Kazi ya Udongo Inahitaji Kibali

Mwenye ardhi anayetaka kukata mteremko, kujaza bonde au kusawazisha kiwanja anahitaji kibali cha serikali ya kaunti ikiwa kazi hiyo ni matayarisho ya ujenzi, ikiwa inabadilisha matumizi ya ardhi, au ikiwa inageuza njia ya maji. Hati miliki peke yake haitoshi. Kwa upande mwingine, kulima, kuchimba mashimo ya migomba au kutengeneza matuta ya kuzuia mmomonyoko ni kazi za kawaida za shamba ambazo hazihitaji kibali cha ujenzi. Wengi hukosea katika kazi zilizo kati ya hizo mbili, na makosa hayo huonekana mvua inapoanza.

Katika Kaunti ya Taita Taveta jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya umbo la nchi yenyewe. Kilele cha Vuria kina urefu wa mita 2,208 kutoka usawa wa bahari, ilhali mji wa Voi uko chini ya mita 700. Maji ya mvua inayonyesha milimani husafiri umbali mfupi na kushuka kimo kikubwa. Mto Voi huanzia kwenye vilima vya Taita, hupita mjini Voi na kuingia mbuga ya Tsavo Mashariki. Udongo uliolegezwa na mashine huko juu hauna budi kufuata njia hiyo hiyo. Hujaza mitaro, huziba kalvati, hupandisha sakafu ya mto, na mwishowe maji hutafuta njia nyingine, mara nyingi kupitia makazi ya watu.

Sheria inasemaje

Sheria kuu ni Sheria ya Upangaji wa Maeneo na Matumizi ya Ardhi, nambari 13 ya mwaka 2019. Sheria hiyo inakataza mtu yeyote kuendeleza ardhi ndani ya kaunti bila idhini ya waziri wa kaunti anayesimamia upangaji wa ardhi. Kuendeleza ardhi kumeelezwa kwa upana: ni kufanya kazi yoyote ya ujenzi au uchimbaji juu ya ardhi, au kubadilisha kwa kiasi kikubwa matumizi ya ardhi au ya majengo yaliyoko.

Maelezo hayo hayataji kina cha mita fulani wala idadi ya malori ya udongo. Kwa hiyo swali linalosikika mara kwa mara, "Nikichimba kidogo tu, je?", halijibiwi kwa futi kamba peke yake. Afisa wa upangaji huangalia mambo matatu: kazi hiyo inafanywa kwa madhumuni gani, mteremko wa mahali pale ukoje, na maji na udongo vitaelekea wapi kazi ikiisha.

Neno "kidogo" nalo hudanganya. Chukua ploti ya kawaida ya futi 50 kwa 100, yaani takriban mita 15 kwa 30, iliyo kwenye mteremko unaoshuka mita 3 kutoka upande wa juu hadi upande wa chini katika upana wa mita 15. Mwenye ploti akikata nusu ya juu na kuutupa udongo nusu ya chini ili apate uwanja tambarare, atabaki na ukingo wa mita 1.5 nyuma ya nyumba na rundo la kimo hicho hicho upande wa mbele. Udongo atakaouhamisha ni karibu mita 170 za ujazo, uzito wa zaidi ya tani 250. Ukingo wa juu umepoteza kilichokuwa kikiushikilia. Rundo la chini ni udongo mlegevu ambao haujashindiliwa. Na kando ya mistari hiyo miwili kuna ardhi ya majirani.

Kazi ambazo kwa kawaida hazihitaji kibali cha ujenzi

Mkulima anayelima kwa jembe, kwa ng'ombe au kwa trekta katika shamba ambalo tayari ni la kilimo haombi kibali cha upangaji. Vivyo hivyo kwa anayechimba matuta ya fanya juu, mitaro ya kukinga maji, mashimo ya mbolea au msingi wa banda dogo la kuku. Kufukia mashimo kwenye njia ya kuingilia boma na kusawazisha ua kwa koleo na toroli pia ni kazi za nyumbani.

Hata hivyo kazi za shamba nazo zina mpaka wake, na mpaka huo ni mteremko. Kanuni za msingi za matumizi ya ardhi ya kilimo zilizotungwa mwaka 1965 ziliweka vipimo ambavyo maafisa wa kilimo wamezoea kuvitumia. Mteremko unaozidi asilimia 12 lazima uhifadhiwe kwa matuta au njia nyingine ya kuzuia mmomonyoko kabla ya kulimwa. Mteremko unaozidi asilimia 35 haufai kulimwa wala kufyekwa mimea yake.

Kupima mteremko si kazi ngumu. Fundi huvuta kamba ya mita 10 kutoka sehemu ya juu, akaisawazisha kwa mpira wa maji au pima maji, kisha akapima kimo kutoka mwisho wa kamba hadi chini. Kimo hicho kikiwa mita 1.2, mteremko ni asilimia 12. Kikiwa mita 3.5, mteremko ni asilimia 35. Mwenye shamba akipata kipimo kinachokaribia hicho cha pili, anafaa kumwita afisa wa kilimo wa wadi kabla hata ya kuulizia bei ya tingatinga.

Kazi zinazohitaji kibali

Ya kwanza ni kukata au kujaza kiwanja kwa ajili ya kujenga. Wako wanaodhani kwamba kibali ni cha nyumba, na kwamba kusawazisha uwanja ni maandalizi tu yasiyohesabiwa. Sivyo. Uchimbaji wa kiwanja ni mwanzo wa ujenzi, na anayeuanza kabla ya idhini ameanza kuendeleza ardhi bila idhini. Iwapo ramani ya nyumba imekwisha kupitishwa na inaonyesha namna kiwanja kitakavyokatwa, kibali hicho hicho kinatosha. Ikiwa ramani inaonyesha uwanja tambarare huku ardhi ni ya mteremko, ramani irekebishwe kwanza.

Ya pili ni kubadilisha matumizi. Shamba linalosawazishwa ili liwe kituo cha malori, uwanja wa kuuzia vifaa vya ujenzi, karakana au ploti za kuuza halitumiki tena kwa kilimo. Kibali cha kubadilisha matumizi hutangulia mashine.

Ya tatu ni kazi yoyote karibu na mto, chemchemi au ardhi oevu. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zinakataza kilimo na ujenzi katika ukanda wa kando ya mto usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, ukipimwa kutoka pale maji yalipofika katika mafuriko makubwa yanayojulikana. Kipimo hakianzii ukingo wa maji wakati wa kiangazi. Mto unaoonekana mkavu mwezi wa Februari bado ni mto. Kuchimba, kutoboa au kuvuruga mto au ardhi oevu kunahitaji ruhusa ya maandishi kutoka mamlaka ya mazingira, NEMA, baada ya tathmini ya athari kwa mazingira.

Ya nne ni kuchimba bwawa au silanga. Anayeziba njia ya maji au kukusanya maji ya mto anahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016, na mabwawa yamo katika orodha ya miradi inayohitaji kupitia NEMA. Ukuta wa udongo uliojengwa vibaya huweza kusimama kwa miaka mingi ukaanguka kwa usiku mmoja. Tarehe 9 Mei 2018, bwawa lililokuwa katika shamba la mtu binafsi huko Solai, Kaunti ya Nakuru, lilipasuka usiku na kuua watu zaidi ya 40 waliokuwa wakiishi chini yake.

Ya tano ni kuchimba ili kuuza. Mwenye shamba anayeondoa udongo ili apate kiwanja ni mmoja. Anayechimba mchanga au mawe na kuyapakia kwenye malori ya wateja ni mwingine. Huyu wa pili anafanya uchimbaji wa madini ya ujenzi, shughuli inayosimamiwa na Sheria ya Madini ya mwaka 2016 pamoja na kanuni za kaunti. Wakazi wa maeneo ya vito kama Mwatate na Kasigau wanafaa kukumbuka pia kwamba Katiba, katika kifungu cha 62, inaweka madini yote katika fungu la ardhi ya umma. Vito vikitokea wakati wa kukata kiwanja, hati miliki ya shamba haimpi mwenyewe haki ya kuendelea kuvichimba bila leseni.

Ya sita ni kazi inayogusa barabara, reli au mabomba. Anayekata ukingo wa barabara ili apate njia ya kuingilia ploti yake anahitaji ruhusa ya mwenye barabara hiyo. Kwa barabara kuu kama ile ya Voi kwenda Taveta, mwenyewe ni KeNHA. Kwa nyingine huwa ni KeRRA, KURA au kaunti yenyewe. Katika eneo la Voi na Maungu tahadhari ni kubwa zaidi, kwa kuwa reli na bomba la mafuta la kutoka Mombasa hadi Nairobi hupita huko. Ukanda wa miundombinu hiyo hauchimbwi bila idhini, hata pale ambapo hakuna ua wala kibao.

Makaburi, mapango na mawe ya mipaka

Katika vilima vya Taita kuna mapango na miamba ambako wazee wa zamani walihifadhi mafuvu ya wahenga wao. Mahali hapo pana heshima yake kwa koo husika, na sheria nayo inapalinda. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale kutoa taarifa ndani ya siku 7. Mashine ikifukua mifupa, vyungu au kuta za kale, kazi isimamishwe mahali pale na chifu apashwe habari.

Jambo jingine linalosahaulika ni bikoni. Greda likipita juu ya jiwe la mpaka, jiwe hilo hupotea, na kuling'oa ni kosa kisheria hata kama haikukusudiwa kumdhulumu jirani. Kabla ya kazi kuanza, mpima ardhi aliyesajiliwa azionyeshe bikoni zote, zizungushiwe vigingi na utepe, na majirani waalikwe kuziona. Gharama ya siku moja ya mpima ni ndogo kuliko kesi ya mpaka inayorithiwa na watoto.

Namna ya kuomba

Maombi hupelekwa katika idara ya ardhi na upangaji ya kaunti. Kwa kawaida mwombaji hutakiwa kuwa na nakala ya hati miliki au barua ya umilikaji, matokeo ya upekuzi wa ardhi, ramani ya upimaji, risiti za ada za ardhi, na mchoro wa kazi uliotayarishwa na mtaalamu aliyesajiliwa. Kwa kazi ya udongo, mchoro mzuri huonyesha mteremko ulivyo sasa na utakavyokuwa, kina cha kila sehemu itakayokatwa, mahali udongo utakapopelekwa, ukuta au gabioni za kuushikilia, na njia ya maji ya mvua kutoka mwanzo wa ploti hadi mtaro wa umma.

Ardhi ambayo bado imeandikwa kwa jina la marehemu huleta ugumu. Mwana aliyejengewa boma na baba yake anaweza kuwa ameishi pale miaka 30, lakini kibali huombwa na mwenye ardhi aliyesajiliwa au aliyeidhinishwa naye. Familia za namna hiyo zinafaa kumaliza shughuli za urithi mapema, kabla mkandarasi hajalipwa malipo ya kwanza.

Ofisi ikishapokea maombi, sheria inaitaka ipeleke nakala kwa mamlaka nyingine zinazohusika ndani ya siku 7, nazo zina siku 14 za kutoa maoni. Mwombaji asipopata jibu la maandishi kwa muda wa siku 60, sheria inachukulia kwamba idhini imetolewa. Hapa pana tahadhari mbili. Kwanza, siku hizo huhesabiwa kwa ushahidi, kwa hiyo mwombaji ahifadhi nakala iliyopigwa muhuri wa tarehe. Pili, ukimya wa kaunti hauchukui nafasi ya leseni ya NEMA wala kibali cha WRA. Hivyo huombwa kivyake.

Maombi yakikataliwa, au masharti yakionekana kuwa mazito, mwombaji ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya upangaji ya kaunti, ambayo nayo hutakiwa kusikiza na kuamua rufaa hiyo ndani ya siku 14. Asiporidhika, huenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Haki hiyo ya rufaa si ya mwombaji peke yake. Jirani anayeathiriwa na uamuzi anayo pia.

Kazi iliyoanza bila kibali

Anayeanza kazi bila idhini akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili. Lakini kwa wengi faini si mzigo mkubwa kuliko agizo la kurudisha ardhi ilivyokuwa ndani ya siku 90. Kurudisha mteremko uliokatwa ni kazi ghali kuliko kuukata: udongo uliokwisha kusafirishwa hununuliwa upya, hushindiliwa tabaka kwa tabaka, na ukuta hujengwa. Mwenye ardhi asipotekeleza, kaunti yaweza kuifanya kazi hiyo na kumdai gharama.

Aliyekwisha kuanza kwa kutojua anashauriwa kusimamisha mashine, kufunika ukingo uliokatwa kwa turubai au nyasi, kuchimba mtaro juu ya ukingo ili maji yasiupite, na kwenda ofisini na mchoro wa hali ilivyo. Akipewa ilani ya kusimamisha kazi asiipuuze, kwa kuwa kuipuuza ni kosa jingine. Kama haikubali, rufaa yake nayo ni ndani ya siku 14.

Jirani anapochimba

Mwenye nyumba anayeona jirani wa chini akikata ukingo anafaa kuchukua hatua mapema. Aombe kwanza kuonyeshwa kibali. Mwenye kibali hana sababu ya kukificha. Asipoonyeshwa, apeleke malalamiko kwa maandishi katika ofisi ya msimamizi wa wadi au ya upangaji ya kaunti ndogo, akiambatanisha picha zenye tarehe na nambari ya ploti.

Zipo dalili ambazo hazingoji barua. Nyufa mpya kwenye ardhi zinazofuata ukingo, milango inayoanza kukwama, miti au nguzo za stima zinazoinama, na chemchemi inayotokea mahali palipokuwa pakavu, zote zinaonyesha kwamba mteremko unasogea. Zikionekana wakati wa mvua, watu wahame nyumba hiyo usiku huo huo na chifu aarifiwe. Malalamiko yatafuata kesho yake.

Kupanga kazi kwa msimu

Mvua za masika huanza Machi na za vuli Oktoba. Ukingo uliokatwa unahitaji muda wa kujengewa ukuta au kupandwa nyasi kabla ya mvua ya kwanza, na kibali kinahitaji hadi siku 60. Kwa hesabu hiyo, anayetaka kuchimba kuanzia Juni hupeleka maombi kabla ya Aprili, na anayetaka kuchimba Januari hupeleka kabla ya Novemba. Mkandarasi anayeajiriwa awe amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, NCA, na mkataba utaje kwa jina mahali udongo utakapomwagwa. Maneno "mbali na hapa" hayatoshi, kwa maana udongo usio na mahali pake maalumu huishia bondeni.

Mwenye ardhi aliye na shaka kama kazi yake inahitaji kibali anaweza kuuliza katika ofisi ya upangaji ya kaunti ndogo ya Wundanyi, Mwatate, Voi au Taveta akiwa na nambari ya ploti na picha chache za mahali penyewe. Jibu alipate kwa maandishi, alihifadhi pamoja na hati miliki, na nakala yake aikabidhi kwa dereva wa tingatinga kabla injini haijawashwa.